Zamu Haijaisha Mpaka Utoe Kimoja

Wiki hii kijana mmoja ameandika kwenye grupu letu la kituo. Grupu lenyewe hawajanitoa mpaka leo, kwa sababu aliyelianzisha alihama akapoteza simu na hakuna mwingine mwenye uwezo wa kumtoa mtu. Mwenzake, konstebo wa kike aliye katika mwaka wake wa kwanza kazini, alikuwa ameomba apumzishwe siku chache baada ya kazi moja mbaya. Huyu kijana akamjibu mbele ya wote: "Askari hana stresi. Stresi ni za raia." Chini yake akapanga vikaragosi vinavyocheka mpaka machozi. Wengine wakafuata kucheka.

Nilikuwa namlisha mwanangu uji. Nilitaka kumjibu palepale, na jibu nililokuwa nalo mdomoni lisingefaa kusomwa na mtu mwenye wazazi hai. Mume wangu akanipokonya simu.

"Andika," akasema, "lakini usitukane."

Basi naandika. La kutotukana sijaahidi.

Kwanza tuelewane. Mimi ni mstaafu. Najua mkisikia neno hilo mnamuwaza mzee mwenye bakora na redio ya mkononi. Mimi nina miaka thelathini na mbili, nina mtoto ambaye bado ananyonya, na nina goti lenye chuma ndani, lililonitoa kazini kwa maneno ya daktari. Sikufukuzwa, sikutoroka. Buti zangu za paredi bado zinang'aa kuliko zenu, nimeziona zenu kwenye picha. Habari za vyeo na mishahara siziandiki hapa. Cheo sikupata, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nawaandikia ninyi mlio kaunta sasa hivi, hasa yule anayeshika ufunguo wa chumba cha silaha. Mkinichukia, sawa. Nimeshachukiwa na watu wakubwa kuliko ninyi.

Nilitoka depo nikiwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa, nikapangiwa kituo kidogo kule juu, upande wa Mgeta. Mimi ni mtoto wa Dakawa, mashamba ya mpunga, joto, mbu na tope la magotini. Baridi nilikuwa naisoma kwenye jiografia ya kidato cha pili. Gari la kabichi lilinishusha asubuhi kwenye ukungu mzito, sikuuona mlango wa kituo mpaka nilipougonga kwa sanduku langu la bati. Ndani palikuwa na mwanamke mnene aliyevaa sweta la kijani juu ya gwanda, kinyume kabisa na utaratibu, anakunywa chai ya tangawizi. Ndiye Sajenti Mbena. Mluguru wa palepale, Mkatoliki, mama wa watoto wengi na mwenye shamba la njegere. Ndani ya kituo tulimwita afande, nje tulimwita Mama Mbena.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Umetokea wapi?"

"Dakawa, afande."

"Tambarare. Ndiyo maana unatetemeka kama kifaranga cha mvua. Sweta lako liko wapi?"

"Sikujua kama kuna baridi hivi, afande."

"Kazi ya kwanza ya askari ni kujua. Ya pili ni kuazima. Chukua hilo nyuma ya mlango, na ulirudishe likiwa safi."

Sikulirudisha. Ninalo mpaka sasa, Salha mwanangu analalia.

Mama Mbena ndiye aliyenifundisha kazi. Depo walinifundisha kupiga kwata na kunyamaza. Yeye alinifundisha kufunga mkoba. Kule juu gari haliendi kila mahali, unapanda kwa miguu kati ya mashamba ya ngazi mpaka mapafu yanakudai. Mkobani uweke kamba ya katani, kandambili za akiba, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni, biskuti, na ndimu. Ndimu ni ya kupaka chini ya pua unapomkuta mtu aliyekufa siku nyingi. Usisahau ndimu. Vijana wa leo mnatembea na chaja tu.

Alinipa pia amri mbili ambazo hazimo kwenye kanuni zozote za polisi. Ya kwanza: "Usimwahidi mtu mtu wake. Ahidi kutafuta. Kutafuta ni kwako, kupata ni kwa Mungu." Ya pili nilikutana nayo jioni ya zamu yangu ya kwanza, na hiyo ndiyo iliyonifanya niketi hapa leo na kalamu.

Mnajua tunavyokabidhi zamu. Unasimama kaunta, unamtajia anayeingia mahabusu wangapi, silaha na risasi, vielelezo, pikipiki na mafuta yake. Halafu unamaliza na yale maneno yetu: "Zamu shwari, afande." Hata kama kuna mtu kajeruhiwa kwa panga na damu bado iko sakafuni, tunasema shwari. Ni kama amina. Basi nami nikataja vyote, nikapiga saluti, nikasema shwari.

Mama Mbena hakunyoosha mkono kupokea funguo.

"Hivyo ni vitu vya serikali," akasema. "Nimevisikia. Vya kwako je?"

"Vyangu vipi, afande?"

"Toa kimoja. Kitu kimoja ambacho si shwari. Hutaki kwenda nacho nyumbani, nikabidhi mimi. Usipotoa, zamu bado ni yako, mimi naketi hapa nikinywa chai."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia buti linanibana kidole cha mwisho. Akatikisa kichwa kwa uzito uleule aliotumia kusikiliza idadi ya risasi.

"Nimepokea," akasema. Basi. Akachukua funguo.

Hakunipa ushauri, hakuniambia pole, wala hakuniuliza buti ni saizi gani. Nimepokea tu. Kila zamu, kila mtu, hata koplo mmoja mzee aliyekuwa anaona haya. Yeye alitoa vitu vya kuchekesha: mke wangu amepika maharage siku ya nne mfululizo, afande. Nimepokea. Mbuzi wa jirani kala kofia yangu. Nimepokea. Nilidhani ni mchezo wa watu wa mlimani, wasio na televisheni.

Halafu mvua za masika zikaja, na sehemu ya mlima ikateremka juu ya nyumba ya mtu.

Sitawaeleza yote. Tulichimba na wanakijiji kwa majembe ya mkono, kwa sababu chombo kingine hakingefika. Tulimtoa mama mwenye nyumba, amekufa. Tukamshusha kwa machela ya miti hadi barabarani, wanaume wanapokezana, mimi nimeshika pembe ya nyuma kwa vile sikutaka mtu aseme mwanamke amechoka. Nilikuwa nimepaka ndimu. Nilifanya kazi vizuri, nataka mjue hilo. Sikulia, sikutapika, niliandika maelezo ya mashahidi kwa mwandiko unaosomeka. Nikarudi kituoni nikakabidhi. "Zamu shwari, afande."

"Toa kimoja."

"Sina, afande. Nimechoka tu, niruhusu nikalale."

Mama Mbena akavuta kiti. Akatoa fyulisi mfukoni, akaanza kulimenya kwa kisu kidogo, taratibu, ganda likining'inia kama utepe. Akala. Akatoa la pili. Mimi nimesimama, matope yanakauka kwenye suruali. Nilimchukia siku ile, wallahi. Nilitamani nimrushie zile funguo.

Alipofika la tatu, mdomo wangu ukasema wenyewe: "Nywele zake zilikuwa zimesukwa nusu."

Akaacha kumenya.

"Upande mmoja mistari imenyooka, upande mwingine timutimu. Kuna mtu alikuwa anamsuka, afande. Wakasema tutamalizia kesho."

Nikakaa chini, sakafuni, na ndipo nikalia. Akaningoja nimalize. Kisha akasimama, akavuta sweta likae sawa, akasema kama askari kwa askari:

"Nimepokea."

Nikaenda nikalala. Ninyi mnaocheka stresi, hebu nielezeni jambo hili kwa akili zenu za kidato cha nne, sawa na zangu. Yule mama hajafufuka. Mlima haujarudi mahali pake. Kwa nini nililala? Kwa sababu kile kitu kilikuwa na mtu mwingine anayekijua. Kilishakabidhiwa. Sina elimu zaidi ya hiyo, na sijaona iliyoishinda.

Miaka yangu ya kule juu mlimani ilikwisha, Mama Mbena akastaafu akabaki na njegere zake, mimi nikahamishiwa mjini. Mjini kuna kila kitu. Kuna gari, kuna kompyuta iliyofunikwa kitambaa, kuna mahabusu wanaojua sheria kuliko wewe. Kilichokosekana ni mtu wa kukuuliza. Watu walikabidhi, wakasema shwari, wakatawanyika: mmoja kwenye pombe, mmoja kwenye kamari za mpira, mmoja nyumbani kumtandika mkewe kwa sababu ya maiti aliyoibeba Jumanne. Huyo wa mwisho nilimfungulia kesi mimi mwenyewe, na sijutii. Kubeba maiti si ruhusa ya kupiga mtu. Lakini nilijua ile ngumi ilianzia wapi.

Basi katika zamu yetu nikaanza: toa kimoja. Walinicheka mpaka nikazoea. Aliyenicheka zaidi ni Konstebo Shomari, golikipa wa timu ya kituo, mtoto wa mjini hasa, mdomo kama cherehani.

"Jamani, padri kaingia! Padri Mwajuma, padri wa kwanza mwenye hijabu!"

"Toa kimoja, Shomari."

"Baba, nimetenda dhambi. Nimefungwa goli la kizembe na timu ya magereza."

"Nimepokea."

"Adhabu yangu ni Salamu Maria ngapi?"

"Adhabu yako ni kuosha choo cha mahabusu. Ni zamu yako kwenye ratiba, usinisingizie Mungu."

Lakini alitoa. Kila siku alitoa, na wengine wakafuata kwa sababu Shomari akifanya kitu kinakuwa si aibu. Mwishowe hata dereva alikuwa hawezi kuondoka bila kutoa. Zamu yetu ikawa zamu ambayo watu wanaomba kuhamia. Nasema hivi kwa majivuno na sitaki mtu anipunguzie. Nilipewa pia ufunguo wa chumba cha silaha, kazi ambayo hupewi kwa sura nzuri. Kila asubuhi nawapa bunduki wanaokwenda malindo, kila jioni nazipokea. Ukikaa dirisha lile muda mrefu unawajua watu kwa mikono. Askari mzima akipewa bunduki, kabla hata hajakusalimia, anaielekeza kwenye pipa la mchanga, anaivuta, anachungulia kama ina kitu ndani. Ameshafundishwa mpaka imeingia kwenye mifupa. Asipofanya hivyo, mawazo yake hayako pale.

Kisha likaja jambo la Dakawa, kwetu kulekule.

Ilikuwa msimu wa mpunga kuiva, watoto wako mashambani kuamia ndege, wanapiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo. Mtoto mmoja hakurudi nyumbani. Tuliongezwa kutoka mjini kwenda kusaidia kutafuta, Shomari akiwa mmoja wetu. Mama wa mtoto alikuwa amekaa kwenye tuta la mfereji, hasemi, hali. Shomari moyo wake ni laini, na mdomo wake unatangulia. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, amka ule kidogo. Kesho utakula naye, mimi Shomari nakwambia."

Nilimvuta mkono. Nilikuwa nimeshamwambia mara nyingi ile amri ya kwanza ya Mama Mbena. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na yule mama alikuwa ameshanyanyua macho.

Mtoto tulimpata mferejini, chini ya mlango wa maji. Shomari ndiye aliyeingia kumtoa.

Msibani tulikwenda kwa heshima, tumevaa kiraia. Yule mama hakupiga kelele wala hakututukana. Alikuja na sahani ya wali, akaiweka mbele ya Shomari kwa mikono miwili.

"Kula baba," akasema. "Ulisema nitakula naye. Sasa kula wewe."

Shomari akala. Wote tulimwona anakula, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikaisha, na hakuna mtu mkekani aliyethubutu kumwambia aache.

Tangu siku hiyo alitoa kimoja kilekile. Soksi zimetoboka. Nimepokea. Kesho yake, soksi zimetoboka. Namwambia Shomari, hizo soksi nimeshazipokea, nipe kingine. Anacheka kidogo: "Padri, ndiyo dhambi niliyonayo." Nilimfuata nje, nikamfuata kwenye chai. Nilimweleza mkuu wa zamu wetu, inspekta mmoja ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu watoto wake ni watu wema. Akaniambia, "Mwache, atakomaa." Atakomaa! Kama ndizi.

Halafu ikafika asubuhi moja. Niko dirishani natoa silaha, foleni imesimama, jua ndiyo kwanza linapanda juu ya mlima. Golikipa wa akiba, kijana wa zamu yetu, yuko mbele ya foleni, na kiunoni kachomeka glovu za Shomari. Zile glovu Shomari alikuwa hampi mtu hata kuzishika.

"Umeziiba?" nikamtania.

"Kanipa mwenyewe jana. Kasema nizitunze."

Nikampa bunduki yake, akaivuta, akachungulia, akaondoka. Akafuata Shomari. Kapangiwa lindo la benki. Amenyoa, kapiga pasi, buti zinang'aa. Na anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu Dakawa.

Mimi huwa naomba kimoja jioni, wakati wa kukabidhi. Siku ile nilikiomba asubuhi, sijui kwa nini. Au najua.

"Toa kimoja kabla hujaenda."

"Leo sina, Mwaju. Nimemaliza vyote. Niko mwepesi."

Akanyoosha mkono. Nilikuwa nimeshaipitisha bunduki nusu dirishani. Hakuangalia pipa la mchanga. Aliitazama ile bunduki kama unavyotazama basi lako likiingia stendi.

Nikairudisha ndani.

"Vipi?" akauliza.

"Sikupi."

"Mwaju, acha utani, gari linanisubiri."

"Sikupi, Shomari."

Nyuma watu wakaanza kelele. "Oya, kuna nini huko? Tunachelewa!" "Padri anasoma misa!" Wakacheka. Shomari hakucheka. Lile tabasamu likaondoka usoni kama mtu kazima taa, na nilichokiona nyuma yake kilinifanya nishike kitako cha ile bunduki kwa mikono miwili.

Inspekta akaja. "Konstebo, kuna tatizo gani?"

"Huyu hafai kushika silaha leo, afande."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, afande."

"Ana homa? Amelewa?"

"Hapana, afande."

"Basi toa silaha."

"Sitoi, afande."

Kwenye kazi yetu kuna maneno yasiyosemwa, na hilo ni la kwanza.

"Unakaidi amri halali ya mkubwa wako?"

"Nakaidi, afande. Niandikie mashtaka. Lakini kwa mkono wangu hii haitoki."

Shomari akainama karibu na dirisha. Alisema kwa sauti ya chini, na maneno haya sijawahi kumwandikia mtu: "Mwajuma, unanivua nguo mbele za watu. Sitakusamehe mpaka nife."

"Usinisamehe," nikamwambia. "Chelewa kufa."

Inspekta akanyoosha mkono apewe ufunguo. Nikafunga chumba, nikautia ufunguo kifuani, ndani kabisa, mahali ambapo inspekta yeyote asingeufuata bila yeye mwenyewe kulala mahabusu. Nikasimama mbele ya mlango mguu sawa. Malindo ya asubuhi yakachelewa. Mkuu wa kituo akaitwa kutoka nyumbani kwake na povu la mswaki mdomoni. Yeye, namshukuru, alimtazama Shomari kwanza kabla ya kunitazama mimi. Akasema waliosalia kwenye foleni wapewe silaha, lindo la benki liende mtu mwingine, Shomari abaki kituoni, na mimi nikamalize kazi kisha niende ofisini kwake nikashtakiwe.

Nilitoa silaha zilizobaki. Halafu nikampigia Mama Mbena. Alikuwa mjini, sokoni, ameteremka na magunia yake ya njegere. Nikamweleza kwa maneno machache. Akaniuliza jambo moja tu: "Kala?"

Alikuja kwa bodaboda, na kapu mapajani. Shomari tulikuwa tumemketisha kwenye benchi nyuma ya jiko la kituo, na golikipa wa akiba kando yake. Mama Mbena akamwondoa yule kijana kwa macho. Shomari, pamoja na yote, akasimama: "Shikamoo mama." Malezi hayafi.

"Marahaba mwanangu. Kaa. Zamu bado ni yako."

Akatoa kisu kidogo na fyulisi.

Mimi nilikuwa nasubiri kuitwa ofisini, nimesimama mlangoni pa jiko. Nilisikia kisu tu, muda mrefu. Kisha nikasikia sauti ya Shomari, kavu, kama mtu anayesoma mashtaka yake mwenyewe. Alisema kwamba kila wali anaouona unamtaja kwa jina. Alisema alikuwa amepanga iwe leo, kule lindoni. Alisema kupanga kulimpa raha, ndiyo maana alicheka asubuhi.

Mama Mbena hakushtuka. Nilimsikia akivuta pumzi tu.

"Nimepokea," akasema. "Hicho ni kikubwa, hatukiwezi mimi na wewe. Twende nikusindikize tukakikabidhi kwa wanaokiweza."

Wakaenda hospitali ya mkoa, kwenye kitengo cha afya ya akili, yeye mbele na kapu lake, Shomari nyuma, bila pingu, bila kuburuzwa. Alilazwa. Akapewa dawa, akapewa mtu wa kuzungumza naye, akapewa miezi ya mapumziko. Sikuruhusiwa kumwona, kwa vile yeye mwenyewe alikataa kuniona. Niliumia. Sasa ningefanyaje? Nilimwambia asinisamehe, akatii.

Mimi nilishtakiwa kwa kukaidi amri. Sikujitetea kwa maneno mengi. Nilisema nilichokiona, mikono, glovu, tabasamu. Nikapewa karipio kali, likawekwa kwenye jalada langu, na ndilo lililonizibia njia kila mara jina langu lilipofika mezani kwa jambo jema. Jamani, wenzangu wana medali ukutani. Mimi ningeweza ningelitia lile karipio kwenye fremu, nikalitundika sebuleni juu ya kochi, wageni walisome. Katika miaka yangu yote nimekamata wezi, nimetoa ushahidi mahakamani, nimevusha watoto barabara. Kazi nzuri niliyofanya kuliko zote ni ile niliyokataa kufanya.

Goti lilivunjika baadaye, kwa aibu ndogo tu: pikipiki ya doria iliteleza kwenye tope la barabara ya mlimani, barabara ileile niliyoipanda siku ya kwanza. Mwizi tuliyemfuata ndiye aliyenibeba mpaka kwenye gari, halafu akakamatwa akiwa amenishika mkono. Nilimwomba hakimu ampunguzie adhabu. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Sasa narudi kwenu. Yule binti wa mwaka wa kwanza aliyeomba kupumzika, mmemcheka. Mnajua kesho asubuhi atasimama kwenye dirisha gani? Mnajua atanyoosha mkono kupokea nini? Na ninyi mtakuwa mmeshamfundisha kwamba akiulizwa aseme shwari. Mnanitia hasira mpaka maziwa yanataka kukauka. Ugumu mnaojisifia mimi nauita uzembe wa kukabidhi. Ungeacha kutaja risasi moja kwenye makabidhiano ungelala ndani. Mtu mzima mnamwacha bila kutajwa, mnakwenda nyumbani!

Jana usiku nilikomea hapo, nikalala na mwanangu. Asubuhi hii nimefungua grupu nikakuta vile vikaragosi bado viko pale, na chini yake kuna ujumbe mpya. Wa Shomari. Siku hizi ni koplo, anashika zamu hapohapo kituoni. Sisi wawili hatujazungumza tangu lile dirisha. Nanakili kama ulivyo:

"Zamu imekwisha. Mahabusu wamekabidhiwa, silaha zimekabidhiwa zote, pikipiki ina mafuta. Kimoja: juzi nimepita Dakawa kikazi, watoto wanaamia ndege. Nilishindwa kushuka kwenye gari. Dereva alinisubiri. Padri kama upo humu, nakabidhi."

Hakuna aliyecheka. Salha alikuwa ananivuta kiwiko, uji unamwagika mezani. Nikaandika neno moja, nikalituma kabla machozi hayajaharibu simu.

Nimepokea.

Dakika chache baadaye yule binti wa mwaka wa kwanza akaandika chake. Sitakinukuu, nimekipokea. Kisha dereva. Kisha mkuu wa zamu, inspekta yuleyule, ambaye sikumtarajia.

Na wewe kijana wa vikaragosi, simu inanionyesha kwamba umesoma. Sikutukani, mume wangu yuko hapa anachungulia. Naketi. Nina fyulisi kapu zima, Mama Mbena kanitumia jana kwa gari la kabichi, na kisu ninacho.

Toa kimoja.